Daktari Aliyetaka Mgonjwa Achoke

Watu husema daktari wa mishipa ya fahamu hana kazi mashambani. Upuuzi mtupu. Mimi Nyanchera nilikuwa muuguzi wa Daktari Angwenyi hapa Kisii miaka ya sabini, na niliyoyaona kwake mpaka leo yananisisimua mwili.

Alikuwa amesomea ng'ambo ugonjwa mmoja wa ajabu. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, inaushambulia mwili wenyewe pale mishipa inapoamrisha misuli. Kikulacho ki nguoni mwako, basi. Wenzake walibaki Nairobi. Yeye akarudi kwao, akawa anazunguka Keroka hadi Nyansiongo akiwatafuta wagonjwa hao na kuchukua damu yao akaichunguze.

Mong'ina aliletwa kutoka Ogembo na mama mkwe wake, na mama huyo hakumung'unya maneno.

"Huyu ni mvivu. Asubuhi anachuma chai vizuri, mchana mikono inaanguka, jioni hata chakula hatafuni. Mkisema ni mzima, leo hii namrudisha kwao. Watoto wanabaki kwangu."

Na kweli, kila zahanati ilimwona mzima. Sisi huku tukienda hospitali tunaamka na jogoo ili tuwahi foleni. Sasa nani ataonekana amechoka alfajiri?

Daktari alimtazama, kisha akaniambia, "Mpe jembe. Alime bustani ya wodi mpaka saa kumi."

Nikasema moyoni, huyu naye amerukwa na akili.

Saa kumi Mong'ina alirudi ameshikiliwa. Kope zimeanguka, kidevu amekiegemeza mkononi, sauti inatokea puani. Mama mkwe akabetua midomo. Daktari akamdunga sindano, tukangoja.

Kope zikaanza kupanda, taratibu, kama pazia likivutwa. Shingo ikasimama. Mungu wangu, nimepokea watoto na nimefumba macho ya wafu, lakini jambo kama hilo sikuwahi kuliona.

"Mama," Mong'ina akasema, sauti imenyooka, "nilikuwa nakwambia kweli."

Daktari akaeleza kwamba ni ule ugonjwa wa kinga, hujificha misuli ikiwa imepumzika; sindano ingeisha nguvu, ila kuna vidonge vya kumeza kila siku. Mama mkwe hakuwa akisikia. Alikuwa amepiga magoti, anamfuta mkamwana wake udongo miguuni huku analia.

"Twende nyumbani," akasema.

"Kwa nani?" Mong'ina akauliza.

"Kwako."