Bomba la Shemeji Isaka

Esnath, mke wa mwanangu, ni tabibu wa zahanati ndogo pembeni ya Rujewa, yeye na muuguzi mmoja. Asubuhi hutibu, wagonjwa wakipungua, huvaa mabuti ya mvua akafuata mfereji wa mashambani akikagua vyoo, kwa sababu wanaokaa upande wa chini wa mfereji ndio wanaomletea kuhara kila wiki. Msimu huu wagonjwa hawakupungua.

"Daktari, wewe unakagua vyoo, mwanangu anakauka!" mama mmoja alimfokea. Esnath akarudi kutundika dripu, huku akijua mtoto akipona atarudishwa kwenye maji yale yale.

Chanzo alishakisikia. Shemeji yangu Isaka, mzee wa kanisa, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa amelitoa bomba la choo nyuma ya nyumba na kulielekeza mferejini. Esnath alipofika getini, Isaka alimzuia kwa sauti kutoka uani.

"Mkamwana haingii uani kwa mkwe wake. Sisi Wanyakyusa, au umesahau umeolewa wapi?"

Ni kweli, kwetu mkamwana na baba mkwe, pamoja na ndugu zake, hukwepana. Hata njiani hupishana kwa mbali. Hiyo ni heshima. Isaka akaifanya mfuniko wa choo!

Nilikwenda mwenyewe, na kitenge changu cha kanisani, nikapita moja kwa moja hadi nyuma. Esnath alibaki nje ya geti, ameelekeza uso ukutani asimwone mkwe wake. Kinyesi kilikuwa kinaelea mferejini, nzi wa kijani juu yake, na chini kidogo wanawake wanaosha majani ya maboga.

"Shemeji, usipige kelele," Isaka alinong'ona. "Watu wakijua, jina letu litakuwa wapi?"

"Jina letu lile pale, linaelea. Wenzako wanaoshea mboga."

"Nitaziba baada ya mavuno."

"Utaziba leo na kuchimba shimo, au Jumapili nisimame mbele ya madhabahu niwaeleze kwa nini wanaharisha."

Alimwita fundi, amenuna.

Simu ya Esnath ikalia. "Mama," aliniita kutoka nje, "muuguzi hapati tena mshipa wa yule mtoto wa dripu. Lakini nikiondoka, hawataziba."

"Nenda kamtibu, mwanangu. Hapa nipo mimi."

Aliondoka mbio. Isaka akaniletea kiti, akakielekeza barabarani, kwenye hewa safi. Nilikigeuza kikatazama bomba, nikafunika pua kwa leso, nikakaa.