Mlango Uliofungwa Mchana

Katika avenyu yetu hapa Bunia, mlango wa nyumba haufungwi mchana wakati wenye nyumba wamo. Pazia linatosha. Mgeni huketishwa uani, au sebuleni nyuma ya pazia, na anayepita akitaka kujua ni nani aliyekuja, hupaza sauti ya salamu na huitikiwa. Mlango ukifungwa saa za jua, watu huulizana kuna mgonjwa gani, au kuna neno gani. Naanza na desturi hii kwa sababu asiyeijua ataliona jambo lililompata mdogo wangu kuwa dogo.

Mimi ni fundi wa vyerehani. Kibanda changu kinatazamana na ua wa familia alikoolewa mdogo wangu wa kike. Mwenye ua ni muuza mbao, kaka mkubwa wa mumewe, na anaishi humo na mama yao mzee. Mdogo wangu alipokimbia vita Djugu na watoto wake, walimpa nyumba ndogo iliyo pembeni ya ua. Mumewe anachimba dhahabu Bambu na hupiga simu mtandao ukimruhusu. Mpango huo ulikuwa mwema, ila ulikuwa na sharti ambalo halikuhitaji kutamkwa: mwanamke akirudishwa kwao kwa neno baya, hurudi peke yake. Watoto hubaki kwa ukoo wa baba.

Shule niliiacha mapema, kwa hiyo yale ninayoyajua nimejisomea. Kwa miaka kadhaa sasa nasoma maandiko ya wanazuoni juu ya wanaume na wanawake: kipi mtu huzaliwa nacho, kipi hufundishwa, watu hutamani nini na kwa nini. Sikuanza kwa kupenda mada. Nilianza kwa sababu Bunia imejaa watu wanaokuja kutuuliza maswali, nikataka kujua majibu yetu hupelekwa wapi. Nasoma Kifaransa polepole, kamusi ikiwa pembeni, wala sivuki aya nisiyoielewa.

Niliyoyakuta hayakunituliza. Daktari anaandika juu ya homoni, uzazi na maradhi. Mwanasheria anaandika juu ya kosa na ushahidi. Mchumi anauliza nani anateka maji na nani anauza mavuno. Mwanahistoria anafuatilia jinsi wakoloni na wamisionari walivyobadili ndoa. Kila mmoja anadai anamweleza mwanamke, na ukiyaweka maandiko yao mezani pamoja huoni kama wanamzungumzia mtu mmoja. Lakini walipofika kwetu Ituri, karibu yote niliyoyapata yalikubaliana. Yalikuwa juu ya ubakaji. Katika kurasa hizo mwanamke wa Djugu hana mwili ila siku ile alipoumizwa. Kabla ya siku hiyo hayumo. Baada yake ni mgonjwa au ni shahidi. Sikusema kuwa wanaandika uongo, kwa maana yaliyoandikwa tumeyaona. Nilishuku kile kilichoachwa nje.

Ndipo alipokuja mwanamke mmoja kijana kutoka Kisangani, mtafiti anayetayarisha shahada ya udaktari ya chuo kikuu. Shefu wa avenyu ndiye aliyemleta kibandani kwangu.

"Fundi, weye njo unasomaka mavitabu," shefu akasema. "Soma karatasi ya huyu mama, uniambie kama iko na matatizo. Nisije kuweka sahihi halafu watu wanitupie mawe."

Nikayasoma maswali yake. Hapakuwa na swali hata moja juu ya vita. Aliuliza msichana huambiwa nini siku anapoanza kuitwa mwanamke, na ni nani humweleza mambo ya ndoa. Aliuliza kama mke anaweza kumwambia mumewe kwamba anamtaka, au kwamba leo hataki, na humwambia kwa njia gani. Aliuliza wanawake wakiwa peke yao hucheka nini. Swali la mwisho lilikuwa kama mambo hayo huisha mtu akizeeka. Nikayasoma tena kutoka juu, na nilipofika chini shaka yangu ilikuwa imezidi.

"Unatafuta nini?" nikamwuliza.

"Maisha ya kawaida, papa."

"Maisha ya kawaida hayatoi mtu Kisangani mpaka hapa."

"Ndiyo sababu hakuna mwenye aliyauliza," akajibu.

"Na unataka wanawake gani?"

"Wa kila umri. Hata wamama wazee."

Shefu alicheka mpaka akashika meza ya cherehani. "Mwanamuke muzee! Utamuuliza nini? Mugongo inamuuma upande gani?"

Yule mwanamke hakucheka. Akatoa kalamu. "Nitaandika kwamba shefu amecheka," akasema.

Shefu akaivuta karatasi, akaweka sahihi.

Jioni nikamwambia mdogo wangu awe mwangalifu, kwamba maswali ya aina hiyo sijawahi kuyaona na sijui yanaelekea wapi. Akanitazama kama anavyonitazama tangu utoto, alipozoea kuniita yaya, yaani kaka mkubwa. "Yaya, weye unaogopa mpaka karatasi."

Nikamwona mtafiti akiingia nyumbani kwake siku chache baadaye, baada ya chakula cha mchana. Nikaona mkono wa mdogo wangu ukivuta mlango, na nikasikia komeo likiingia.

Nilielewa papo hapo kilichotokea, kwa kuwa nilikuwa nimekisoma. Katika kazi ya watafiti, kanuni ya kwanza ni kwamba anayoyasema mtu yasisikiwe na mwingine. Kwa hiyo huomba mahali pa faragha, na huko walikosomea faragha ni mlango uliofungwa. Kwetu ilikuwa sawa na kuwasha moto juu ya bati. Mama aliyebeba ndoo akapunguza mwendo. Motari aliyekuwa akingoja abiria akageuka juu ya kiti cha pikipiki yake na kukaa hivyo, mgongo kwa barabara. Muuza nyanya akahamisha beseni lake upande wa pili, ambako hakuna kivuli. Mimi mwenyewe nilikuwa nazungusha uzi kwenye bobini iliyokwisha kujaa. Komeo lilipofunguliwa, nusu ya avenyu ilikuwa na shughuli mbele ya ua ule.

Kabla ya jua kutua, habari ilikuwa imefika Bambu.

Kesho yake shemeji mkubwa akaniita. Viti vya plastiki vilipangwa uani. Mdogo wangu alikaa upande mmoja, mtafiti aliyeitwa naye upande wa pili, na juu ya kigoda iliwekwa simu, sauti ikiwa juu, mumewe akiwa hewani. Mama mzee alikuwa mlangoni pake na lungo la maharagwe magotini, akitoa mawe. Hakuna aliyemwita kwenye kikao wala aliyemwambia aondoke.

"Shemeji," muuza mbao akaniambia, "mudogo wako alijifungia na mwanamuke mugeni. Wawili, ndani ya nyumba yangu, muchana, mulango na kufuli. Na huyu mugeni anatembezaka maulizo ya kitandani. Karatasi njo weye ulimusomea. Sasa tunataka kujua alimuambia nini."

"Haikukuwa kufuli," mdogo wangu akasema. "Ilikuwa komeo."

"Unaona? Anatuchezea!"

"Alisema mambo yangu?" simu ikauliza. "Aseme! Alisema mambo yangu?"

Nilianza kupima ni nini kila mmoja alichokiogopa. Mume aliogopa kwamba ameelezwa. Kaka yake aliogopa avenyu, na avenyu ilikwisha kutunga yake: kwamba mgeni anafundisha wanawake kuishi bila waume, au kwamba yeye mwenyewe ndiye anayewatamani wanawake hao. Mimi niliogopa juu ya watoto. Na nitasema kweli, nilitaka pia kujua alichosema.

Mdogo wangu akainua uso. "Wakati ile mama wa ONG ya misaada alikuja kuniuliza juu ya vita, mulimutolea kiti. Mulisimama hapa kwa dirisha, mukasikia yote yenye walinifanya. Hakuna mutu aliitisha kikao."

"Ile ilikuwa maumivu," shemeji akasema. "Na hii ilikuwa nini?"

Mdogo wangu akaitazama nyumba yake ndogo.

Shemeji akamgeukia mtafiti. "Basi sema weye."

"Papa, siwezi kusema ni nani aliongea na miye, wala aliongea nini. Niliahidi kila mutu."

"Hata kama ni kumuokoa huyu?"

"Hata vile."

Nilimtazama kwa hasira. Sentensi moja isiyo na madhara, kwamba walizungumza juu ya mapishi, ingemaliza kikao. Hakutaka kusema uongo. Nikawaza: ndiyo elimu hii, ahadi yake itabaki safi na mdogo wangu atafunga mizigo.

"Sawa," shemeji akasema. "Aseme yee mwenyewe, ao arudi kwa yaya yake leo. Watoto wanabaki."

Mdogo wangu alifumba macho kidogo. Nilijua anawafikiria watoto, na nilijua pia kwamba hatasema, kwa maana alikwisha kuuma mdomo wake wa chini kama anavyofanya akikata shauri. "Sitasema," akasema.

"Na miye utanirudisha kwa nani?"

Ilikuwa sauti ya mama mzee. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe.

"Mama, hii haikuangalie," mwanawe akasema.

"Inaniangalia. Hata miye nilijifungia naye. Mayaya wangu wote walikufa, sasa utanirudisha kwa nani?"

Shemeji akacheka kicheko kile kile cha shefu. "Weye, mama? Alikuuliza nini?"

"Yenye aliuliza wengine."

"Mama…"

"Unasema mutu akijifungia aseme. Muzuri. Nitasema yote. Mutoto wangu wa Bambu, unasikia? Simu iko na sauti? Basi nianzie fasi gani… Nianzie kwa baba yenu, ule mwaka tulikuwa tungali Bogoro, ile usiku ya kwanza alirudi safari na—"

Shemeji alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Simu ikakatika. Mtandao wa Bambu ni mbaya, lakini siku hiyo nadhani haukuwa mtandao.

"Mama, imetosha! Imetosha!"

"Sijaanza."

"Imetosha, mama, nakuomba."

"Basi na ya huyu imetosha," mama mzee akasema, akapuliza makapi kutoka kwenye lungo.

Hakuna hukumu iliyosomwa. Shemeji aliinua kiti, akakipangusa kwa kiganja, akasema kuna mbao zinazotoka barabara ya msitu na lazima akazipokee. Mdogo wangu akaenda kuwasha makaa ya kupikia. Watoto wake walilala nyumbani mwake siku hiyo, na mpaka leo wanalala humo.

Jambo lingeweza kuisha hapo, ila mimi si mtu wa kuacha jambo hapo. Kibanda changu kinatazama ua ule tangu asubuhi hadi jioni, na sikuwahi kumwona mtafiti akiingia kwa mama mzee. Nilihesabu upya siku zangu. Kuna siku moja niliyokwenda Bogoro kutengeneza cherehani ya wamama wa kanisa, na siku hiyo siwezi kuizungumzia. Nikaenda kwa muuza nyanya, ambaye haendi popote, nikamwuliza kwa kuzunguka. Akasema hakuona kitu. Kisha akaongeza kwamba, kwa kweli, mlango wa yule mama mzee hajawahi kuutazama. Ungefungwa au usifungwe, nani angeuangalia? Anatafutwa na nani?

Nilifikiri sana juu ya jibu hilo. Mdogo wangu alijifungia kwa muda wa mazungumzo tu, na habari ikavuka milima hadi machimboni. Mama mzee angeweza kujifungia wiki nzima. Shefu alicheka, mwanawe akacheka, na mimi, niliyesoma juu ya mambo haya kuliko wao wote, nilipoliona swali lile la mwisho kwenye karatasi nilidhani limewekwa kujaza ukurasa.

Mtafiti alipita kibandani kuaga kabla ya kurudi Kisangani. Nikamwuliza wazi: yule mama aliongea nawe, au alitudanganya?

"Papa, siwezi kusema ni nani aliongea na miye."

Maneno yale yale, na uso ule ule. Katika kikao nilimtazama mama mzee alipoanza kusema, kisha nikamtazama yeye, na uso wake haukuonyesha mshangao wala nafuu. Labda mama mzee alisema kweli. Au huyu binti alijifunza uani pale kitu ambacho hakimo katika kanuni zake, yaani kunyamaza ili uongo wa mwingine ufanye kazi. Yote mawili yanawezekana, na hali hiyo siipendi. Ameahidi kunitumia kazi yake itakapokamilika. Nitaisoma kama ninavyosoma, bila kuruka aya, na najua tayari kwamba nitakuwa nikitafuta ndani yake sauti mbili ambazo yeye amezificha makusudi nisizipate.

Nilimwuliza mama mzee pia. Akaniuliza kama cherehani ya jirani imekwisha kutengenezwa.

Siku hizi amejizoeza jambo jipya. Alasiri, kazi zikiisha, humwita mkwe wake, wanaingia ndani kwake, na komeo linasikika. Mwanzoni shemeji alisimama uani akitazama mlango, mikono kiunoni. Sasa hupita tu kwenda kwenye mbao zake. Juzi nilivuka barabara kumpelekea mdogo wangu mkasi nilioutia makali. Nikabisha.

"Nani?" mama mzee akauliza.

"Ni miye, mama. Fundi."

"Ngojea inje."

Nikaketi kwenye kiti cha plastiki, mkasi magotini. Ndani walinong'ona, kisha wakacheka wote wawili, kicheko kirefu ambacho sikuwahi kukisikia kwa mdogo wangu tangu alipotoka Djugu. Nilitega sikio. Maneno hayakunifikia.