Pua ya Shemeji

Shemeji yangu ana pua kubwa kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, na haifanyi kazi. Nalisema hilo mapema ili baadaye nisiambiwe nimemfichia mtu siri. Kuficha nimeshaficha miezi mitano, na kumenichosha.

Aliondoka kwetu akiwa kijana, akaenda nchi ya watu, akaajiriwa kwenye kiwanda cha rangi, akachanganya rangi huko miaka kumi na tisa. Siku zake za mapumziko alikuwa anakwenda nje ya mji kwa mzee mmoja mwenye mizabibu na kiwanda kidogo cha mvinyo, kumsaidia kupogoa na kuvuna. Halipwi hata senti. Dada yangu, ambaye ni muuguzi na ndiye mkewe, alikuwa anasema wanaume wengine wana nyumba ndogo, wake ana mizabibu. Mzee alizeeka, akafunga kiwanda, kikakaa miaka sita na kufuli mlangoni. Alipohamia kwa binti yake akamwita shemeji akamwambia, chukua wewe, ama nimpe mtu anayetaka kuvunja ajenge gereji. Shemeji akachukua mafao yake yote ya kiwandani akakinunua. Dada alikubali kwa shingo upande.

Baada ya wiki mbili dada akanipigia simu. "Mdogo wangu, shemeji yako amenunua gofu. Njoo unisaidie kabla sijamnyonga."

Mimi nilikuwa mpishi wa shule ya bweni. Miaka kumi na saba nimeshika jiko na stoo, mpaka shule ikaleta kampuni ya chakula na sisi wenye miiko yetu tukaambiwa asanteni sana. Sikuwa na la kufanya. Nikafunga mizigo nikaenda, nikisema nitakaa miezi mitatu.

Nikafika mwishoni mwa baridi. Gofu! Dada alikuwa amelipamba. Paa lilikuwa limetoboka, vigae vimelala chini, na kinyesi cha njiwa kimejaa mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mashine ya kukamulia zabibu ilikuwa imeganda kwa kutu. Chumba cha chini, ukishuka ngazi kumi na nne, kulikuwa na mapipa sita ya mbao yaliyokauka hata unaweza kupitisha kidole kati ya ubao na ubao. Nikamwuliza shemeji kama haya ndiyo mapipa au ni kuni.

"Mbao ikikauka inanywea, shemeji. Ukiipa maji inarudi."

Basi tukaipa maji. Tunajaza, yanamwagika yote sakafuni. Tunajaza tena. Siku nne nilipanda na kushuka na ndoo, magoti yananilaani. Siku ya tano mbao zikawa zimevimba, zimeshikana, hata tone halitoki. Shemeji akalishika pipa la kwanza akalia. Mwanaume mzima analilia pipa! Nilimcheka siku hiyo, lakini kwa kweli ndipo nilipoanza kukipenda kile kiwanda chake. Baada ya hapo tukapanda juu ya paa sote wawili, tukafunga matundu, tukapiga chokaa kuta, tukaisugua mashine kwa msasa mpaka ikazunguka. Dada alikuwa anatoka hospitali jioni, anatukuta weupe kwa chokaa kama tumetoka makaburini, anatikisa kichwa anakwenda kulala.

Kitu kimoja kilikuwa kinaniudhi. Kila nikimwambia shemeji, hebu nusa hiki, ana mafua. Nusa hili gunia, limeoza au bado? Nina mafua, nusa wewe. Maua yakachanua, akasema ni mzio. Jua likawaka miezi mitatu, bado ana mafua. Nikamwambia mafua gani haya yasiyo na kamasi? Akacheka, akaenda zake.

Tulivuna mwezi wa tisa, tukakamua, maji ya zabibu pamoja na maganda yake yakaingia kwenye birika kubwa la saruji. Maganda yanapanda juu kama mkate unaoumuka, na kazi yetu ni kuyasukuma chini kwa mti mara tatu kwa siku. Wiki moja ikapita vizuri. Siku ya nane asubuhi nashuka na chai yake mkononi, sijafika hata ngazi ya tano, ikanipiga harufu ya mayai yaliyooza. Si yai moja, trei nzima. Nikafunika pua kwa kanga, nikachungulia. Shemeji amekaa juu ya kreti, ubavuni mwa birika, anatafuna mkate na anasoma daftari la yule mzee. Ametulia tuli.

"Shemeji! Husikii?"

"Nisikie nini?"

"Harufu!"

Akainamisha ile pua yake juu ya birika, akavuta pumzi ndefu, akaitikia kwa kichwa kama bwana mkubwa. "Nzuri. Imeanza kukolea."

Lo! Nikaweka chai chini. Nikapanda jikoni nikachukua kopo la kahawa, nikarudi, nikamwambia afumbe macho, nikalifungua chini ya pua yake. "Nini hii?"

Akavuta pumzi. "Sabuni," akasema.

Nilitaka kucheka, nikamwona uso, kicheko kikafia njiani. Akafumbua macho, akaliona kopo, akalipokea akalifunga mwenyewe. Ndipo akasema. Mtungi wa dawa ulipasuka kule kwenye kiwanda cha rangi, miaka miwili kabla sijafika mimi. Kifua kilipona, pua haikupona. Daktari alimwambia huenda itarudi, huenda isirudi. Na mzee alimwita kumpa kiwanda mwezi uleule alipotoka kwa daktari mara ya mwisho.

"Ungemwambia tu," nikasema.

"Ningemwambia nini? Nimekisubiri miaka kumi na tisa, sasa sina pua?"

"Na dada?"

"Dada yako akijua leo, kesho dalali yuko mlangoni. Ananivumilia kwa sababu anaamini najua ninachofanya."

Hapo nilimkasirikia sana. Kunitoa kwetu nije nibebe ndoo ni sawa, lakini kunibebesha siri juu ya dada yangu mwenyewe, tumbo moja! Nikamwambia hivyo, na mengine ambayo siyaandiki. Akasikiliza yote. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Harufu yenyewe ikoje?"

Nikamwambia ni mayai. Akafungua daftari, akapekua. Mayai maana yake mvinyo umekosa hewa. Tukachota ndoo kwa ndoo, tunamimina kutoka juu upige povu upate hewa, mpaka jioni. Kesho yake mayai yameondoka. Na mimi nikawa nimeshaingia, kutoka siwezi.

Mvinyo ulipotulia tukauhamishia kwenye yale mapipa sita, basi ikawa ndiyo kazi yetu. Mimi na pombe hatujuani, sijawahi kuimeza wala sina mpango, lakini kila asubuhi nilinusa pipa moja baada ya jingine, naweka kidogo ulimini, natema kwenye ndoo. "Ikoje?" anauliza. Maneno ya watu wa mvinyo sina. Nilikuwa nasema ninachokijua: hili linanukia gunia la maharage lililonyeshewa, hili kitambaa cha sahani ambacho hakikuanikwa, hili njiti ya kiberiti ikishazimwa. Yeye anaandika neno langu pembeni ya maneno ya mzee, anatafuta dawa yake, tunafanya. Sijui kama kuna mvinyo mwingine duniani uliotengenezwa kwa mtindo huo. Lakini tulipatia. Yeye alijua kila kitu ila harufu, na mimi sikujua kitu chochote ila harufu, na tulikuwa tunagombana kutwa.

Tuliharibikiwa kwenye baridi iliyofuata. Dada alileta homa kutoka hospitali, akaniambukiza, nikalala wiki mbili na mafua. Mafua ya kweli, yenye kamasi. Nikipeleka pua yangu kwenye pipa nanusa ukuta. Shemeji alikuwa anashuka peke yake, anapima kwa kijiti, anaandika, anapanda anasema mambo shwari. Kumbe kizibo cha pipa la tatu kimelegea, hewa inaingia, na yeye anapita hapo kila siku.

Jumapili moja dada akashuka kunitafutia chupa ya asali. Huko chini alikuwa haendi, ngazi zinamwumiza nyonga. Tukamsikia anaita. Tulipofika amesimama mbele ya pipa la tatu, mkono kiunoni.

"Hii ni siki."

Shemeji akachota, akaonja, akakunja uso kwa ule ukali tu uliomfikia ulimini. "Ni siki," akasema.

"Chumba kizima kinanuka siki! Jana ulikuwa humu, juzi ulikuwa humu. Hukusikia?"

"Nilikuwa na mafua."

"Na wewe mafua, na huyu mafua. Hiki kiwanda kinaendeshwa na nani, na kamasi?" Kisha hakupayuka tena, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu dada yangu akishusha sauti ujue amekata shauri. Alisema amechoka kufanya zamu za watu wawili. Mwisho wa mwezi, Jumatatu, dalali atakuja na karatasi. Jumamosi ya kabla yake wataonja mapipa matano yaliyobaki. Mvinyo ukiwa mvinyo, dalali atarudi alikotoka. Ukiwa hauna maana, shemeji atatia saini na watarudi kupanga mjini.

Nilikuwa na neno mdomoni. Shemeji aliniangalia, nikalimeza. Hadi leo sijui kama nilifanya vizuri.

Wiki zile tatu hatukulala vizuri. Pua yangu ilirudi, nikanusa mapipa matano asubuhi na jioni kama mama anayemgusa mtoto homa. Yalikuwa salama. La tano lilikuwa zaidi ya salama, hata mimi nisiyejua nililijua.

Jumamosi mchana tukakaa sebuleni, mezani kitambaa cheupe, glasi tatu na ndoo yangu ya kutemea. Dada alikuwa amevaa gauni zuri, akasema kama tunazika basi tuzike kwa heshima. Shemeji akammiminia pipa la tano kwanza. Akamwaga kidogo kwenye kitambaa. Dada akanywa, akakaa nao mdomoni, akameza. Akanywa tena.

"Mzuri," akasema. Akaangalia ile glasi kama mtu aliyedanganywa. "Jamani, ni mzuri kweli."

Shemeji akajiegemeza kwenye kiti, akashusha pumzi ambayo nadhani aliishika tangu tujaze maji yale mapipa. Dada akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nifike. Akajimiminia nyingine, na ya mumewe akamsogezea.

"Haya, bwana mvinyo. Unifundishe. Wewe unasikia nini humo?"

Hatukuwa tumejiandaa kwa hilo. Shemeji akatia pua ndani ya glasi, akafumba macho, akasema polepole, kwa uhakika kabisa: "Asubuhi stoo ya shule ikifunguliwa mlango. Gunia jipya. Halafu matunda yaliyolala kikapuni. Mwishoni, kile kibao cha kukatia mkate."

Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno, ya siku ya Alhamisi.

Dada akaweka glasi mezani. "Wewe umeingia lini stoo ya shule?"

Aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaiangalia ndoo yangu ya kutemea. Dada yangu ni muuguzi wa miaka mingi, si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Husikii harufu," akasema.

"Sisikii."

"Tangu ule mtungi."

"Tangu ule mtungi."

"Kile chakula nilichounguza, ukala ukamaliza?"

"Sikusikia."

"Na mimi?"

Shemeji akainamisha kichwa. "Hata wewe," akasema.

"Miaka mitatu," dada akasema. "Na mimi najipaka marashi kila siku."

"Ndiyo maana sikusema." Shemeji akaisogeza glasi kando. "Kiwanda ni kweli, niliogopa. Lakini hilo la marashi ndilo lililonishinda. Nilijua nikikwambia, utaacha kujipaka."

Dada akainuka. Nikasema basi, yamekwisha, Jumatatu tunafunga mizigo. Akachukua simu juu ya kabati, akasimama dirishani ametupa mgongo. "Dalali? Ni mimi. Jumatatu usije. Hapana, wala Jumanne." Akaikata. Alikaa pale dirishani muda, anajifuta macho kwa kiganja, na sisi tunaangalia kitambaa cha meza.

Kisha akarudi. Hakukaa kwenye kiti chake. Alivuta kingine, akakaa karibu na mumewe, goti kwa goti, akaniita.

"Wewe pua yake. Njoo hapa."

"Kufanya nini?"

"Kazi yako. Si unamwelezea mapipa? Haya, mweleze na mimi ninavyonukia."

"Dada, acha mambo yako."

"Njoo!"

Nikazunguka meza nikainama shingoni mwa dada yangu. Sikuwa nimemkaribia hivyo tangu tulipokuwa wadogo tunalala kitanda kimoja. Shemeji alikuwa ameshafumba macho.

"Dawa ya kufutia sakafu za hospitali," nikasema.

"Endelea," akasema yeye.

"Sabuni ya mche. Moshi wa kuni, uko kwenye nywele. Jasho kidogo, usinipige, dada. Na marashi, hapa nyuma ya sikio."

"Yakoje?"

Nikanusa tena, taratibu, nisije nikakosea.