Kila Saa Nane

Hapa Kilwa Masoko ukivaa koti jeupe ukasimama nyuma ya kaunta yenye dawa, wewe ni dokta. Basi. Hakuna atakayekuuliza umesoma nini wala wapi. Nilikuwa dokta nikiwa na cheti cha kidato cha nne chenye F ya Kemia. Nikawa dokta baada ya kozi ya wiki chache ya watoa dawa. Leo nina shahada ya famasi, imenila miaka kumi na mitano kuipata, na kijana wa bodaboda anaegesha pikipiki mlangoni ananiita vilevile: "Dokta, nipe ya kichwa." Nampa ya kichwa. Nimechoka kusahihisha watu.

Njia yenyewe ni ndefu, na kwa mtu wa nje haina kichwa wala miguu. Ukiwa na kozi fupi wewe ni mtoa dawa. Ukisoma stashahada miaka mitatu unaitwa fundi dawa sanifu. Mfamasia huitwi mpaka uwe na shahada, miaka minne mingine, halafu mwaka mzima wa kufanya kazi hospitalini chini ya macho ya watu, halafu mtihani wa usajili. Nilipopata nafasi ya stashahada nilikwenda nyumbani Kitomanga kuaga, nikawaambia wakubwa kuwa nakwenda kusomea ufundi wa dawa. Shangazi yangu akashika mdomo. Kwetu fundi ni mganga, yule wa vibuyu na hirizi. "Mwanangu," akaniuliza kwa huruma, "kwani mizimu imekushika lini?" Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka. Mimi sikumcheka shangazi, maana hata mwenyewe sikuwa na maelezo mazuri zaidi.

Mama alikuwa akicheka huku amenyoosha mguu wake wa kulia, ule wenye vidole vitatu. Bila mguu ule mimi ningekuwa bado nauza ya kichwa na kulala usingizi wangu.

Alijikata na jembe akipalilia mikorosho. Wakati huo mimi ndiyo kwanza nimemaliza ile kozi fupi, nauza kwenye duka la dawa hapa Masoko. Zahanati ya kwao wakamsafisha kidonda, wakamwandikia dawa, dawa yenyewe imekwisha. Muuguzi akanipigia simu akanisomea cheti: vidonge kumi na tano, kimoja mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Nikavihesabu, nikavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, nikaandika kwa herufi kubwa kama tulivyofundishwa: KIDONGE KIMOJA KILA SAA NANE. Mwalimu wetu wa kozi alikuwa hataki kabisa tuandike "moja mara tatu", eti kuna watu wanameza vitatu kwa mpigo. Nikampa konda wa basi la Lindi, na kabla ya magharibi mama akawa nayo mkononi.

Bahasha aliisoma mwenyewe. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na hakuna kitu alichokipenda kama kusoma mwandiko wangu bila kumwomba mtu. Akanipigia.

"Umeona nilivyoandika, mama?"

"Nimeona. Saa nane."

"Ehe, saa nane. Usiruke hata moja."

"Nirukeje, mwanangu? Redio si ipo?"

Mungu wangu. Tulielewana vizuri kabisa mimi na mama yangu. Kila siku alikaa barazani na redio yake, mtangazaji akitaja saa nane mchana, anameza kidonge kimoja kwa maji ya mtungini. Hakuchelewa hata dakika. Siku ya tano wakanipigia kuwa ana homa na mguu umevimba, nikapanda basi. Nilimkuta amelala, bahasha iko chini ya mto. Nikamwaga vidonge juu ya shuka. Vilikuwa kumi.

"Mama, mbona dawa hujameza?"

"Nimemeza," akasema, na meno yalikuwa yanagongana kwa baridi ya homa. "Kila saa nane, kama ulivyosema. Hata leo nimemeza."

Nilivihesabu tena vile kumi, kama mjinga, kisha nikaelewa. Siku tano, saa nane tano, vidonge vitano. Hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni mimi, na aliyenifundisha.

Hospitalini Lindi walimkata vidole viwili. Sasa hivi, kwa elimu niliyonayo, najua kuwa huenda wangekata tu hata angemeza vyote kumi na tano. Jembe lilikuwa la shambani, kidonda kilikuwa kirefu, na ule mguu aliukanyagia siku mbili kabla ya kwenda zahanati. Huenda. Neno hilo nimelisomea miaka mingi na halijawahi kunisaidia kitu.

Watu wanapenda kusikia kwamba nilisoma kwa ajili ya mama. Wee, acha. Nilisoma kwa aibu na hasira. Nilirisiti Kemia mara mbili. Mara ya kwanza nikapata F nyingine, mpyaa, nikiwa nimekaa chumba kimoja cha mtihani na watoto walionipisha mlangoni wakisema "shikamoo mama". Mara ya pili nikapata D, nikaikumbatia D yangu kama mtoto. Nikasoma stashahada. Nikaajiriwa kwenye kituo cha afya. Nikaomba ruhusa ya masomo nikakataliwa, nikaomba tena nikakataliwa, nikaomba tena wakanipa, nadhani kwa kuchoka kuniona mlangoni.

Kwenye kazi sikuandika tena saa nane kwenye bahasha ya mtu. Kwa watu wa huku nyumbani niliandika alfajiri, adhuhuri, isha. Muda baina ya swala hizo haulingani sawasawa, lakini unakaribia, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza adhuhuri ni lini.

Sasa sikia kilichonikuta mwaka wa mwisho wa shahada. Tulikuwa na mtihani wa vitendo wa kutoa dawa. Mwalimu mmoja alijifanya mgonjwa wa kifua, akawa anakohoa kikohozi cha uongo, na mwingine amekaa pembeni na karatasi ya alama. Dawa ni ya mara tatu kwa siku. Nikamweleza mgonjwa vizuri, nikashika bahasha, mkono ukaandika wenyewe: alfajiri, adhuhuri, isha.

Mwalimu wa pembeni akaichukua, akaisoma. "Mgonjwa umemuuliza dini yake?"

"Hapana, mwalimu."

"Na kama hasali?"

Kwa hilo alikuwa na haki, na mpaka leo nampa haki yake. Lakini hakuishia hapo.

"Andika kitaalamu. Jibu ni kila saa nane."

"Mwalimu, mtu akisoma saa nane anaelewa saa nane mchana."

"Ndiyo maana unamweleza."

"Na kama yeye yuko Kitomanga, dawa anatumiwa kwa basi?"

"Kitomanga ndiyo wapi?" akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, hakupajua tu. Nikapewa sapu, yaani nirudie mtihani ule baada ya wiki tatu.

Wiki tatu zile sitaki hata kuzikumbuka. Ruhusa yangu ya masomo ilikuwa inaisha mwezi uleule, na kazini walishaniandikia kuwa hawaongezi hata siku. Nikifeli sapu narudia mwaka, na mwaka huo sikuwa nao. Ningerudi kituoni fundi dawa sanifu kama nilivyoondoka, na habari ya ufamasia ingekuwa imekwisha. Nilishapita arobaini. Magoti yalikuwa yananiuma nikipanda ngazi za bweni, na wenzangu wa chumbani, wasichana ambao ningeweza kuwazaa, walinihurumia kwa sauti. "Dada, andika wanachotaka utoke," wakaniambia. "Utabishana nao mpaka lini?"

Sikutaka kubishana. Nilikuwa nimepata jibu ambalo hata yule mwalimu asingeweza kulitoa kasoro: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Hesabu mwenyewe. Zimepishana saa nane kamili, hazina dini, na mtu yeyote mwenye redio anaweza kuzifuata. Nilijivunia jibu langu. Nilikwenda nalo kichwani kwenye sapu nikilirudia njia nzima.

Mgonjwa wa uongo akakohoa. Mwalimu akakaa pembeni na karatasi yake, na kutoka pale nilipokuwa niliweza kuyaona maneno ya jibu yaliyochapwa juu ya karatasi, na kile kijisanduku mbele yake kikisubiri alama ya vema. Nikashika kalamu. Nikafikiria barua ya kazini, nikaifikiria ile safari yote kuanza upya, nikahisi uchovu ambao sijawahi kuuhisi hata kwenye msiba. Nikaandika: kidonge kimoja kila saa nane. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akaweka vema, akaniambia, "Unaona? Si jambo gumu."

Nikafaulu. Simu zikaanza. Hongera, hongera dokta, hongera sana, Mungu amekujalia. Mwenye duka niliyeanzia kwake alinipigia kutoka Masoko akanipa hongera kwa Kiswahili, kisha kwa Kigujarati, kisha akakata simu kabla sijashukuru. Shangazi naye akatuma hongera, na akauliza kama sasa nitakuwa na chumba changu cha kutibia.

Nikaenda Kitomanga. Nikamwamkia mama, akaitikia marahaba, akanipisha kwenye mkeka. Nilimletea krimu ya miguu, nikawa nampaka, kisha nikamkata kucha kwa wembe, tano za mguu wa kushoto na tatu za kulia. Akaniuliza ilikuwaje mpaka nikarudia mtihani, mimi niliyekuwa nasoma mpaka nasahau kula. Ningeweza kumtajia neno lolote gumu la Kiingereza angetosheka. Lakini kudanganya nako kunataka nguvu.

"Waliuliza namna ya kuandika kwenye bahasha, mama. Dawa ya mara tatu kwa siku."

"Kama ile?"

"Kama ile ile."

"Mara ya kwanza uliandikaje?"

"Alfajiri, adhuhuri, isha. Wakanifelisha."

"Na mara ya pili?"

Niliendelea kushughulika na ukucha ule wa pembeni, ambao ulikuwa umeshakatika.

"Kila saa nane."

Alijifunika kanga miguuni taratibu, yote miwili, kama anayeona baridi, na ilikuwa mchana wa jua kali. Kisha akanishika mkono wenye wembe.

"Pole, mwanangu," akasema.

Nilitaka kumwitikia nimeshapoa, kama watu wanavyoitikia, badala yake nikaanza kuokota kucha zilizokatika kwenye mkeka, moja moja.