Foleni ya Bembea

Ipo siku moja, mwanangu Mabula, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na wewe uliyekuwemo ndani yake huikumbuki hata kidogo. Ulikuwa na miaka minne. Nataka nikusimulie sasa, kwa sababu jana uliponipigia simu kutoka Geita ulinichekesha, kisha ulipokata nikabaki nimekaa jikoni mpaka maharage yakaungua.

Ulisema umepata likizo na unataka kuwapeleka mkeo na watoto kwenye ile bustani mpya ya michezo. Nikafurahi. Halafu ukaanza kulalamika. "Mama, penyewe hapana mambo mengi," ukasema. "Pana bembea moja ya kuzunguka, pana lile puto kubwa la kurukia watoto, na kitreni kinachozunguka bustani, basi. Watamaliza saa moja tu, halafu tufanye nini?" Ukanieleza kwamba mtatoka hapo mapema mkimbie Chato mkaone ziwa, mle samaki, na jioni mrudi Geita kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Yote hayo siku moja, na watoto watatu, mmoja wao bado anatapika kwenye gari. Nikakuuliza mtapumzika saa ngapi. Ukacheka, ukasema, "Mama, siku yenyewe ndiyo hiyo moja, lazima ijae."

Habari ya Kabula hukuniambia. Mkeo ndiye aliyeniambia, wiki iliyopita, tena kwa sauti ya chini. Kwamba ukirudi kutoka mgodini, binti yako huyo wa mwisho anajificha nyuma ya kochi, na kwamba juzi alikuamkia, "Shikamoo anko." Anasema ulicheka, ukaenda kuoga, ukakaa bafuni muda mrefu. Kwa hiyo najua kwa nini unataka siku ijae. Mimi pia niliwahi kuitaka siku ya namna hiyo, kwa sababu hiyo hiyo, na mtoto mwenyewe alikuwa wewe.

Wakati ule tulikaa hapa hapa Tinde, na marehemu baba yako alikuwa mchimbaji mdogo Bulyanhulu. Shimo lao la kuchimbia waliliita duara, na baba yako akishaingia kwenye duara lake, nyumbani tulimwona kwa nadra. Akija, anakuja na sukari, kitenge, kikohozi, na vumbi jekundu masikioni. Analala, anakula, anakagua ng'ombe, anaondoka. Dada yako Minza alikuwa mkubwa kidogo, yeye alimfahamu. Wewe ulikuwa ukimwona unasimama wima, unampa shikamoo safi kabisa kama tulivyokufundisha kuwaamkia wageni, kisha unakimbilia kwa bibi yako Milembe na kujiviringisha kwenye kanga yake. Siku moja uliniuliza mbele yake, "Mama, mgeni huyu ataondoka lini?" Baba yako alikuwa anakula. Alirudisha tonge kwenye sahani, akanawa, akatoka nje kwenda kusimama na ng'ombe. Mtu aliyekuwa anateremka ardhini kwa kamba! Nilimwangalia mgongo wake pale zizini, roho ikaniuma vibaya sana.

Basi nikapanga siku. Kulikuwa na tajiri mmoja amefungua kiwanja cha michezo ya watoto mjini Shinyanga, na sifa zake zilifika Tinde zikiwa zimetiwa chumvi nyingi: farasi wa mbao wanaozunguka, ngazi ya kuteleza, sijui na nyani anayepiga saluti. Nikajifanya jemadari. Asubuhi tupande bembea, tukitoka hapo tupige picha studio, tumwone shangazi yenu wa Ngokolo, tununue viatu sokoni, tule chipsi, jioni turudi. Nilitaka urudi nyumbani na mambo mengi kichwani kuhusu baba yako, ili akiondoka usimsahau mpaka safari nyingine. Bibi yako nilikwenda kumwalika kwa heshima tu, nikidhani atasema miguu inamuuma. Akakubali kabla sijainuka pale nilipopiga magoti. Asubuhi akatokea na kapu la karanga na michembe, vile viazi vitamu alivyovikausha mwenyewe juani, utadhani tunahama.

Tulipofika kiwanjani nusura nilie. Nyani hakuwepo. Ngazi ya kuteleza ilikuwa imeng'oka na kulazwa chini, kuku wamejipatia kivuli. Kilichobaki ni bembea moja ya kuzunguka, farasi wake wachache, mmoja hana kichwa, na ilisukumwa kwa mikono na mwanamume mmoja mnene aliyeloa jasho. Akisukuma kidogo, anakaa chini anakunywa maji. Na ilikuwa sikukuu, watu wa Shinyanga wote wameamua kuja pale pale. Foleni ilianzia kwenye bembea, ikafuata uzio, ikapinda, ikaenda kuishia karibu na barabara.

"Tuondoke," nikamwambia baba yako. "Twende kwa shangazi kwanza."

Yeye alikuwa ameshika kofia yake mkononi, anatazama watu. Bibi yako ndiye aliyenijibu. "Mimi nimekuja kuona farasi," akasema, akajiendea zake mwisho wa foleni na kapu lake. Mama mkwe utamfanya nini? Tukamfuata.

Alisimama mbele yetu sote. Wewe ulikuwa umeng'ang'ania kanga yake kama kawaida. Akaitikisa, akasema, "Ee, kanga yangu inafunguka," akautoa mkono wako na kuutia kwenye mkono wa baba yako. "Mshike huyo, watu ni wengi, asipotee." Mpaka leo sijui alikuwa anamwambia nani kati yenu.

Ulisimama mbali kadiri mkono wako ulivyokuruhusu, umegeuza uso unatazama kuku. Baba yako naye anatazama farasi. Mmekaa hivyo, jua linapanda. Nikawa nawaza viatu vyangu na picha yangu. Halafu nikasikia kisauti chako.

"Kidole hiki ukucha wake uko wapi?"

"Jiwe liliuangukia," baba yako akasema. "Kule kwenye duara."

"Huko duara kuna giza?"

"Giza kweli kweli."

"Unaogopa?"

Mwanangu, mimi na baba yako tulikuwa tumeoana miaka mingi, na swali hilo sikuwahi kumuuliza. Nilidhani jibu nalijua. Akakohoa, akasema, "Naogopa."

Ukamgeukia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza ulimtazama usoni. "Na mimi naogopa giza," ukasema, ukasogea hatua moja.

Nilipaswa kutulia hapo. Lakini mimi nilikuwa na siku ya kujaza. Ndipo nikagundua kwamba foleni inakwenda, ila sisi hatuendi. Waliokuwa nyuma yetu wako mbele yetu. Nikatega sikio kwa bibi yako. "Pita, mayu, pita mama, una mtoto mgongoni," anamwambia mmoja. "Piteni, ninyi mmetoka mbali." Wanamwambia wabeja, asante ya Kisukuma, wanapita, anawapungia mkono. Nikavumilia. Wenye watoto wachanga sawa. Wazee sawa. Kisha ikaja familia moja ya watu wazima wenye afya zao, hawana mtoto mchanga wala bakora, na bibi yako akawaambia, "Piteni tu, jinsi mlivyopendeza."

Nilivimba kama andazi. Nikamvuta pembeni, kwa adabu, lakini nilimvuta. "Mama, tutafika lini? Kuna picha, kuna viatu, shangazi anatungoja, na wewe unawapisha watu wote!"

Hakukasirika. Alikuwa anamenya karanga. "Mama Minza," akaniambia, "watoto umewaleta hapa kufanya nini?"

"Wafurahi, mama. Wafurahi na baba yao."

"Baba yao yuko wapi?"

Nikageuka. Baba yako alikuwa amechuchumaa vumbini, wewe umekaa kwenye paja lake unatafuna mchembe, na kwa kijiti anakuchorea duara: hapa kamba, hapa kapu la kupandishia mawe, hapa mimi. Minza amewainamia wote wawili anauliza maswali. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile nyumbani kwangu.

"Ile bembea wakiipanda," bibi yako akasema, "itasimama kabla sijamaliza karanga hizi. Wakishuka utawakimbiza sokoni, kutoka sokoni utawakimbiza kwa shangazi, na yule mwanangu atatembea nyuma yenu amebeba mizigo. Hajui kucheza na watoto, hakuna aliyemfundisha. Mtoto naye hamjui. Hapa hawana pa kwenda wala cha kufanya, watafanya nini zaidi ya kuzungumza? Wewe umepanga vyako vingi, sijakukataza. Mimi niachie foleni yangu."

Niliona aibu, na ndani ya aibu ile nilimpenda yule mama kuliko nilivyowahi kumpenda. Nikachukua karanga mkononi mwake, nikarudi kwenye foleni, na mtu wa kwanza aliyekuja nyuma yangu nikampisha mimi mwenyewe. Alikuwa mzee wa makamo hivi, wala hakuwa na mtoto. Sijui alifuata nini pale.

Hata hivyo foleni haiwezi kukosa mwisho, na mchana ulipokuwa unakwisha tukajikuta mbele kabisa. Nyuma yetu alikuwa mama mmoja na mapacha wanaolia. Bibi yako akafungua kinywa ili awapishe, lakini ukamuwahi. Ukamwambia yule mama, sauti juu, kila mtu akasikia:

"Pita tu. Mimi niko na baba."

Baba yako akavaa kofia yake, akaivuta mpaka machoni. Bibi yako akajifunika mdomo kwa kanga. Mimi nililia, mwanangu, nililia katikati ya watu, sikukuu, nimevaa gauni jipya.

Baada ya mapacha mkapanda. Farasi aliyebaki ni yule asiye na kichwa, mkampanda wote wawili, wewe mbele, na magoti ya baba yako yanakaribia masikio. Yule bwana mnene akasukuma, mkazunguka kidogo, akaenda kunywa maji. Bibi yako alikuwa kweli bado hajamaliza karanga. Mkashuka. Nikajua sasa utalilia kupanda tena, nikajiandaa kukubembeleza. Ukamshika baba yako kile kidole kisicho na ukucha, ukasema, "Baba, twende tukapange foleni tena."

Tukaenda tukapanga. Muda wa gari la kurudi ulifika hata hatujakaribia bembea, na hakuna aliyenung'unika. Picha hatukupiga, viatu hatukununua, shangazi yenu alinuna mpaka mwaka uliofuata. Baba yako naye aliondoka baada ya siku chache, kazi ni kazi. Lakini aliporudi safari nyingine ulimpa shikamoo yako, kisha ukamshika mkono kuangalia kama ukucha umeota. Tangu hapo hukuuliza tena mgeni ataondoka lini. Uliuliza baba anarudi lini.

Sasa nisikilize, mwanangu. Nenda kwenye bustani hiyo yenye bembea moja. Achana na Chato siku hiyo, ziwa halihami. Chagua siku yenye watu wengi, na kama wanauza tiketi za kuwapita wenzenu, usizinunue. Wakubwa waende na mama yao kwenye puto, wewe ubaki na Kabula. Mshike mkono, na akisimama mbali mwache asimame mbali. Usimlazimishe akuite baba, na usitoe simu mfukoni hata kama foleni imesimama, hasa ikiwa imesimama. Chukueni chakula kinachotafunwa pole pole, nitawatumia michembe kwa basi. Akikuuliza kama unaogopa huko chini ya ardhi, mwambie ukweli. Najua unaogopa. Baba yako aliogopa, na alikuwa mwanaume kama wewe. Na akija mtu nyuma yenu ana mtoto mgongoni, mpishe. Akija asiye na mtoto, mpishe huyo pia.

Mungu akulinde ukishuka mgodini, akulinde ukipanda. Amfungue mdomo Kabula kwa wakati wake, si kwa wakati wako. Na siku hiyo ya bustani, mwanangu, akujalie foleni ndefu, tena isiyokwenda haraka.