Marufuku Kulia Kwenye Paking

Yasinta, mama Valeria, ni mzaliwa wa Chidya. Mume alipofariki, mashemeji wakaishika mikorosho yote, yeye akaja Masasi na mtoto mgongoni. Alikaanga maandazi nje ya hospitali ya Mkomaindo mpaka moshi ukamharibu macho, ndipo akapata kazi ya kulinda paking ya Adolf, nyuma ya gesti yake, jirani na hospitali hiyo. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka Valeria shuleni, kwa hiyo masharti ya bango la getini aliyashika kama rozari: usioshe gari, usikae chini, usipige kelele. Anayekosea apigiwe filimbi mpaka atoke.

Madereva walimzoea.

"Mama Valeria, leo filimbi imekula nini, mbona kali hivyo?"

"Itakula wewe na sigara yako. Izime!"

Walicheka, wakazima.

Asubuhi moja iliingia Noah kutoka Newala, imefuata maiti. Wanaume wakaenda chumba cha maiti, wanawake wakabaki na gari. Bimdogo, mama wa marehemu, aliposhuka tu akakaa pale pale kwenye simenti.

"Mahmudu mwanangu! Umeniacha na nani, Mahmudu?"

Wenzake wakampokea. Huku kwetu kilio ukikisikia unakipokea, hata kama aliyekufa humjui. Yasinta akaacha geti, akaja kumfunika Bimdogo kanga magotini, machozi yakimtoka na yeye.

Adolf akatoka gesti, kijiti cha meno mdomoni. Shikamoo hakutoa, pole hakusema.

"Mama, bango hulioni?"

"Naliona, baba. Hawa wamefiwa."

"Wateja wangu wanakunywa chai. Wapigie filimbi watoke."

Yasinta alidhani hakusikia vizuri. "Nimpigie filimbi mama anayemlilia mwanawe?"

"Sharti ni sharti."

"We mtoto," bibi mmoja akamuuliza kutoka mlangoni mwa gari, "kwenu nyie hamfi?"

Adolf akavimba. Akamgeukia mlinzi wake. "Chagua. Filimbi au kazi."

Jamani! Mtu amezaliwa na mwanamke, amenyonya, anasema maneno hayo mbele ya mama aliyefiwa! Yasinta alimfikiria Valeria, akafikiria na chumba cha kupanga. Mkono ukaenda kifuani, ukaishika filimbi. Mungu amsamehe, ilifika mdomoni.

Bimdogo akainua uso.

"Usifukuzwe kazi kwa ajili yangu, mwanangu. Nitanyamaza."

Akakunja pindo la kanga, akalitia mdomoni, akaling'ata. Mabega yakawa yanatikisika, sauti haitoki.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Yasinta mpaka masikio yakavuma. Mama mzima anaumeza msiba wake ili watu wanywe chai! Akaivua filimbi shingoni, akamtia Adolf mkononi.

"Piga mwenyewe, baba. Piga huku unamtazama."

Na Adolf akapiga. Ndiyo, alipiga, mara mbili, macho ameyaelekeza ukutani.

Yasinta akamshika Bimdogo kwapani, akamwinua, akalitoa lile pindo mdomoni mwake taratibu. "Lia, mama. Barabara haina mwenyewe." Wakatoka getini, bibi yule nyuma yao, na Noah ikafuata. Kando ya barabara, juani, Bimdogo alimlilia mwanawe mpaka wanaume wakamleta.

Maiti ilipopakiwa, Yasinta akamtumia Valeria ujumbe kwamba anakwenda mazikoni Newala, atarudi kesho. Kazi ya kumrudisha getini hakuwa nayo tena. Akapanda, akakaa karibu na Bimdogo.