Nilimwambia Mama Saa Sita Nitakuwa Nimefika

Ndugu zangu, kosa ni langu, simsingizii mtu. Naficha jina kwa sababu nyumbani Idete bado wananisalimia vizuri, na salamu zao zinaniuma.

Mimi ni binti wa kwanza wa mama, naishi Mwanza, nauza vitenge. Mama alipozidiwa, mdogo wangu Skola alinipigia simu. "Dada, panda basi la kesho alfajiri. Mama anakuulizia sana."

Mimi nikakae kwenye basi siku mbili? Nilishaanza kujisikia. Nikatafuta kwenye simu umbali wa kuruka kutoka uwanja wa Mwanza mpaka wa Dar es Salaam, nikaona ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Ndege yenye nafasi ilikuwa ya keshokutwa asubuhi. Nikaikata tiketi, nikaomba kuongea na mama.

"Shikamoo mama. Keshokutwa nakuja na ndege. Saa sita mchana nitakuwa nimefika."

"Marahaba mwanangu. Na ndege?" Akacheka kidogo.

Skola akachukua simu, akanong'ona, "Dada, mgonjwa hapewi saa. Ungesema tu unakuja, Mungu akipenda."

Nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani.

Jamani, njia ile nimekulia. Najua Dar mpaka Ifakara ni safari ya kutwa, na kutoka Ifakara kwenda kwetu mvua ikinyesha bodaboda inasukumwa. Nilijua yote, ila nilihesabu ya angani tu, kwa maringo.

Ndege ilichelewa. Nilitua Dar saa sita, saa ileile niliyoahidi. Mabasi ya Ifakara yalishaondoka asubuhi. Nikapata gari la kuishia Mikumi, nikalala huko. Kupiga simu nyumbani kusema nimekwama niliona aibu, nikaizima.

Nilifika Idete kesho yake. Mama alifariki jana yake jioni.

Skola alinisimulia bila kunitazama. Siku ile mama aliomba aogeshwe, avalishwe gauni lake la kanisani. Wakamkalisha kwenye kiti barazani. Wali na perege vilikuwa tayari, akakataa kula. "Nitakula na mwanangu. Si kasema saa sita?" Na dawa zake zilikuwa za kumeza baada ya kula. Saa nane wakamsihi akalale, hakutaka. Saa kumi akaacha kuuliza.

Siwezi kusema ndicho kilichomuua, alikuwa mgonjwa sana. Lakini siku yake ya mwisho aliimaliza kwa njaa na kungoja, kwa ajili ya neno langu. Na basi nililolidharau lingenifikisha mchana uleule.

Wewe uliye mbali na una mgonjwa nyumbani, usidanganywe na muda wa ndege. Ndege inakufikisha uwanjani tu, na mama zetu hawakai uwanjani.